Kutoka Gavana ya Kongwa hadi Namba 190

Mzee aliyenifundisha ufundi wa mitambo aliingia kazini akiwa kijana wa kubeba spana kwenye Mpango wa Karanga, pale Kongwa. Maisha yake yote hakuwa na mita ya umeme. Ukimletea buldoza iliyokosa nguvu, aliweka kiganja juu ya pampu ya dizeli, akamwomba opareta apandishe mafuta taratibu, akasikiliza. Kisha alisema, "Gavana imelika pini," au, "Mafuta yana hewa," na tukifungua tulikuta ndivyo. Mimi ni mzaliwa wa Mlali, wilaya hiyo hiyo, na kazi niliyorithi kwake naifanya leo kwa kompyuta na mita. Vijana wananipigia simu kutoka kwenye kazi za barabara wakinisomea namba waliyoiona kwenye kioo cha mtambo: "Mzee, imeandika 190, tuagize sensa?" Nawaambia wasiagize kitu kwanza. Ili waelewe kwa nini, inabidi niwasimulie habari ambayo kitabu cha kiwanda hakina.

Serikali ya Uingereza ilipoanzisha Mpango wa Karanga mwaka 1947, ilikusudia kufyeka mamilioni ya ekari za pori la Tanganyika, Kongwa, Urambo na kusini upande wa Nachingwea, ili nchi yao iliyotoka vitani ipate mafuta ya kula. Mitambo mipya haikupatikana kwa idadi waliyoitaka. Wakanunua mitumba ya jeshi la Marekani iliyoachwa Ufilipino, na baadaye vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Anayeijua ardhi ya Kongwa anajua kilichofuata. Kiangazi udongo unakauka kabisa, na mchanga wake unakula chuma cha minyororo na cha majembe bila huruma. Hata mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya mitambo ile ilikuwa imelala. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30.

Wanahistoria huishia kwenye hasara hiyo, na wana haki. Ila sisi wa gereji tuna hesabu yetu. Mitambo iliyolala ilihitaji mikono ya kuiamsha, na mikono hiyo ilikuwa ya vijana wa Ugogo, Uhehe, Unyamwezi na kwingineko, waliofika kama vibarua wa kung'oa visiki. Wengi wao waliondoka Kongwa wakijua kushusha injini, kupanga klachi na kusikiliza gavana. Walitawanyika kwenye idara za ujenzi, mashamba ya mkonge na reli, na kila mmoja alifundisha wengine. Mzee wangu alikuwa mmoja wao, na mimi ni tunda la ajali ile ya karanga.

Gavana, kifaa kinachoshika kasi ya injini, ndiyo roho ya habari hii. Kwenye mitambo ya wakati ule kulikuwa na vyuma viwili vizito vilivyofungwa kwenye ekseli inayozungushwa na injini yenyewe. Injini ikichanganya kasi, vyuma vinatanuka kwenda nje na kuivuta reki ya mafuta nyuma, dizeli inapungua. Blede ikigonga kisiki na injini ikalemewa, vyuma vinarudi ndani, springi inaisukuma reki mbele, dizeli inaongezeka. Hapakuwa na waya wala betri katika kazi hiyo. James Watt aliufunga utaratibu huo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, akiuchukua kutoka kwenye vinu vya kusaga nafaka. Injini za dizeli ziliukuta tayari umekomaa, na trekta la kwanza la dizeli la Caterpillar, la mwaka 1931, liliongozwa na vyuma vya namna hiyo hiyo.

Naomba msomaji alishike jambo moja hapa. Katika gavana, kinachohesabu mizunguko ndicho hicho hicho kinachotoa mafuta. Hesabu na amri vimo ndani ya sanduku moja la chuma. Gavana ikiugua, ugonjwa unajionyesha kwenye injini papo hapo, na fundi anaufuata kwa sikio na vidole. Raundi zikipanda na kushuka zenyewe mtambo ukiwa umesimama, pini zimelika au reki inakwama kwa uchafu. Injini ikichelewa kujibu blede, springi imechoka. Reki ikikwama mbele, injini inakimbia bila kushikika mpaka ipasuke, na hapo hakuna muda wa kufikiri. Mzee alikuwa na kipande cha ubao alichokikata kwa kipimo cha mdomo wa bomba la hewa. Kilikaa daima juu ya boksi la spana, na sisi wanafunzi tulikatazwa kukitumia kwa kazi nyingine yoyote. Injini ikikimbia, unakigandamiza mdomoni mwa bomba, hewa inakosekana, injini inakufa.

Alikuwa pia na tahometa ya mkono, iliyoachwa na mkandarasi mmoja Mzungu. Unaibana ncha yake ya mpira katikati ya puli ya mbele, mshale unakuonyesha raundi. Kwa kifaa hicho alifanya kipimo ambacho bado nakifanya: mtambo wenye kigeuzi cha mafuta (torki konveta) unaufunga breki, unaingiza gia, unakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa muda mfupi, unasoma raundi zinazobaki injini ikiwa imelemewa. Zikiwa chini ya kipimo cha kitabu, injini haina nguvu. Zikiwa juu, kigeuzi au klachi inateleza. Raundi peke yake zinakuambia ugonjwa uko nyumba gani kabla hujafungua boliti.

Miaka ya reli ya TAZARA na barabara ya kwenda Zambia sitakaa nayo sana, ingawa ilizalisha mafundi wengi kuliko Kongwa. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina na Watanzania na Wazambia walitandaza kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na mitambo yao ilikuwa bado ya gavana. Aliyejifunza Kongwa aliweza kufungua pampu ya Kichina Mlimba bila kuuliza mtu.

Mabadiliko yalipoanza hayakuja na buldoza. Yalikuja na jenereta. Jenereta ya kutoa umeme wa hezi 50, yenye ncha nne, inatakiwa izunguke mara 1,500 kwa dakika bila kuyumba, na vyuma vya gavana huyumba kidogo mzigo ukiongezeka. Basi viwanda vikaweka kisanduku cha umeme kinachosukuma reki, na ili kisanduku kijue raundi, wakakipa sensa: sumaku ndogo iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba, imeskrubiwa kwenye hauzingi ya flaiwili, ncha yake ikiyatazama meno yale yale yanayoshikwa na stata. Kila jino likipita, nguvu ya sumaku inatikisika na koili inazaa msukumo mdogo wa umeme. Ni jambo alilolionyesha Michael Faraday huko London mwaka 1831. Flaiwili yenye meno 136 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, meno 3,400 yanapita mbele ya ncha kila sekunde, na kisanduku kinayahesabu yote.

Hapo ndipo hesabu na amri zilipotengana. Mwenye kuhesabu amekaa kwenye flaiwili, mwenye kuamuru amekaa kwenye kisanduku, na kati yao kuna waya mbili. Ugonjwa ukapata makazi mapya matatu: kwenye sensa, kwenye waya, na kwenye meno yanayohesabiwa. Sikio halifiki katika makazi hayo. Na kisanduku kikikosa mapigo, hukata mafuta mara moja, kwa kuwa injini isiyojulikana kasi yake inaweza kukimbia. Mara ya kwanza nilipomwona mzee wangu amekaa kimya mbele ya mashine ni siku jenereta ya hospitali moja ya misheni ilipozima huku pampu yake ikiwa nzima kabisa, mafuta safi, hewa hakuna. Tulikuja kukuta ncha ya sensa imeota ndevu za unga wa chuma, uliomong'onyoka kwenye meno ya flaiwili na kunaswa na sumaku. Nilizifuta kwa kitambaa. Jenereta ikawaka. Mzee alikishika kile kitambaa akautazama ule unga muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, hii sasa ni kazi yako."

Miaka ya 1990 bandari ya Dar es Salaam ilianza kupokea ekskaveta mitumba kutoka Japani, nyingi zikiwa Komatsu na Hitachi, na zikatufundisha somo lingine. Kwenye Komatsu za wakati huo injini bado ilikuwa na gavana ya vyuma, ila pampu za haidroliki zilikuwa na kompyuta yake. Kompyuta hiyo ilihitaji kujua raundi ili ipunguze mzigo wa pampu kabla injini haijazimika. Sensa ikifa, injini haizimi. Inawaka vizuri, inanguruma vizuri, lakini ndoo inapanda kwa uvivu, au injini inalemewa kila opareta akivuta leva mbili pamoja. Nimeona pampu za haidroliki zikishushwa na kutumwa Dar es Salaam kwa fedha nyingi, kumbe waya mmoja nyuma ya flaiwili umeliwa na panya. Dawa yake ilikuwa kupima. Chomoa soketi, weka mita kwenye pini mbili za sensa: kwenye zile Komatsu tulitarajia ohmu 500 hadi 1,000. Pini moja na bodi ya mtambo: mita isisome njia yoyote. Kisha injini iwake, upime umeme unaozaliwa, nao uongezeke raundi zikipanda.

Na ufungaji una adabu yake. Unaiskrubu sensa kwa vidole mpaka iguse jino, kisha unairudisha kama mzunguko mmoja, au robo tatu, kitabu kitakuambia, ubaki mwanya wa kama milimita moja. Kabla ya hapo tazama tunduni. Lazima kilele cha jino kiwe mbele yako. Ukiona bonde, zungusha flaiwili kwa mkono. Sensa iliyofungwa ikiegemea bonde itakatwa ncha stata ikigusa tu. Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka naletewa ncha zilizokatwa.

Kisha ikaja migodi. Mgodi wa Nzega ulifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na ndani ya migodi hiyo tukakutana na injini ambazo hazina kabisa gavana ya vyuma. Kompyuta ndiyo inaamua kila tone la dizeli, lini liingie na kwa kiasi gani. Marekani teknolojia hiyo ilikuwa imeanza zamani kidogo, maana Detroit Diesel walitoa kompyuta yao ya injini mwaka 1985. Kilichoisukuma mpaka kwenye mitambo ya ujenzi ni sheria za moshi: Marekani mwaka 1996, Ulaya mwaka 1999. Huku kwetu hakuna aliyeidai. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya hewa ya miji ya mbali ndiyo iliyobadilisha boksi la spana la fundi wa Dodoma, na sijaona mtu akiliandika hilo katika historia ya kazi zetu.

Kompyuta inayopanga muda wa sindano haitosheki na kujua kasi. Inataka kujua pia pistoni iko wapi. Ndiyo maana sensa zikawa mbili, moja kwenye upande wa krenki na nyingine upande wa kamshafti, na nyingi zikawa za aina ya Hall. Edwin Hall aligundua tabia hiyo mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa kupitisha umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu iliyobandikwa kwenye kioo na kuisogezea sumaku. Niliposoma habari hiyo nilikuwa Geita, nikitengeneza malori ya kubebea mawe ya dhahabu, nikaona ajabu ya Mungu.

Sensa ya Hall haizai umeme wake. Inapewa umeme na kompyuta, mara nyingi volti 5, na inarudisha mapigo ya kuwaka na kuzima. Ina waya tatu, wakati ile ya koili ina mbili. Tofauti hii ndogo imeua sensa nyingi nzima. Fundi aliyezoea koili anaweka mita ya ohmu kwenye sensa ya Hall, haoni kitu cha maana, anatangaza imekufa. Sensa ya Hall inapimwa ikiwa kazini: umeme unafika? Njia ya kurudi bodini ni safi? Mapigo yanatoka stata ikizungusha?

Sasa nafika kwenye ile namba. Mwanzoni hatukuwa na kompyuta ya mkononi. Kwenye injini za Caterpillar tulihesabu mimweko ya taa: mitatu, kituo, minne. Hiyo ni 34, ishara ya raundi imepotea. Baadaye viwanda vikakubaliana lugha moja, na katika lugha hiyo 190 ni kasi ya injini. Nyuma yake inafuata tarakimu nyingine, na hapo ndipo penye habari. Ikiwa 3, umeme kwenye waya umezidi kiwango. Ikiwa 4, umeshuka. Ikiwa 2, taarifa inakuja kwa kurukaruka. Ikiwa 8, mapigo hayana mpangilio unaotarajiwa. Vijana wengi wanasoma 190 na kuiacha tarakimu ya nyuma, ambayo ndiyo inayosema uanzie wapi. Ukiona 3 au 4, nenda kwenye waya na soketi. Ukiona 2 au 8, nenda kwenye mwanya, unga wa chuma, meno, na waya uliolegea.

Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Kompyuta haijawahi kuiona sensa. Inachokiona ni waya unaoingia kwenye soketi yake, na inalalamika juu ya kilichofika hapo. Ndiyo sababu nasema kutenganishwa kwa hesabu na amri ndilo tukio kubwa katika historia ya ufundi huu, kubwa kuliko kompyuta yenyewe. Mzee wangu angenielewa upesi, kwa kuwa aliishi upande wa pili wa tukio hilo.

Kuna magonjwa nimeyapenda, ikiwa fundi anaruhusiwa kusema hivyo. Mmoja ni wa mtambo unaozima baada ya saa kadhaa za kazi, ukikaa kivulini unawaka, kesho unarudia. Koili imekatika mahali padogo mno: ikiwa baridi ncha mbili zinagusana, ikipata joto zinaachana. Ukiipima asubuhi utaisifu. Ipime mtambo ukiwa umezima tu, hauzingi ikiwa bado inaunguza mkono, au uichemshe kwa maji kwenye sufuria huku mita imefungwa.

Mwingine unaanzia kwenye betri. Betri chovu hufanya stata irushe jino lake bila kushika sawasawa. Opareta anajaribu tena na tena, meno ya flaiwili yanamegeka sehemu moja. Miezi inapita, betri zinabadilishwa, kila mtu amesahau. Kisha injini inaanza kukosa utulivu, taarifa ya kasi inarukaruka, na sensa tatu mpya hazisaidii. Kwenye mitambo ambayo sensa inasoma meno ya stata, kila mzunguko kuna mapigo yanayokosekana. Mhalifu ni betri ya mwaka jana. Hapo unafungua kifuniko cha chini, unawasha tochi, unazungusha flaiwili kwa mkono na kuyatazama meno yote mpaka urudi ulipoanzia. Kazi hii inachosha shingo na hakuna kompyuta inayoifanya kwa niaba yako.

Wa tatu ndio wa hivi karibuni. Kijana mmoja alinipigia kutoka kwenye kazi ya barabara upande wa Manyoni, ekskaveta ya kisasa imezima kwenye machimbo ya kifusi. Sensa kuu na ya akiba zote zinalaumiwa kwa pamoja. Mitambo ya siku hizi imejengwa ili sensa moja ikifa, injini iendelee kwa nyingine. Komatsu wana namba tofauti kwa kila hali: CA689 kwa sensa kuu, CA778 kwa ya akiba, CA115 zikipotea zote, na hapo injini haiendi. Bosi wake alikuwa ameshaagiza sensa mbili, na roli na greda zilikuwa zimesimama zikisubiri kifusi.

"Shikamoo mzee. Zimekufa zote mbili."

"Marahaba. Zilikufa wakati mmoja?"

Alinyamaza, akasema ndiyo, kwa dakika ile ile.

Nilimwuliza waya za sensa hizo zinakutana wapi. Hakujua. Nikamwambia aache sensa zilipo, afuate waya kwa mkono kutoka kwenye kila soketi kurudi nyuma mpaka aone zimeingia kwenye bomba moja la plastiki, na alikague bomba hilo kila mahali lilipobanwa. Nilimwuliza pia kama karibuni kuna kitu kimechomelewa au injini imeoshwa kwa maji ya presha. Akasema wiki iliyopita walichomelea kiegemeo cha eksozi kilichokatika, betri ikiwa imechomolewa kama inavyotakiwa. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa salama. Ila kiegemeo kipya kilikuwa kipana kuliko cha kwanza.

Alipiga tena jua likiwa linaelekea kuzama. Kona ya kiegemeo ilikuwa imelilalia bomba la waya, mtikisiko wa injini umeitumia kona hiyo kama msumeno, na waya nne zilikuwa uchi zikigusana na chuma. Nilimwelekeza azikate palipoharibika, aziunge kwa risasi, avishe kila moja mpira wake, na zile jozi azisokote tena kama zilivyotoka kiwandani, kwa sababu waya wa mapigo usiposokotwa unaokota kelele za alteneta na namba itarudi kwa sura nyingine. Kiegemeo kilipigwa tupa kona yake na bomba likahamishwa upana wa kiganja. Sensa mpya zilipofika kesho yake kwa basi, ekskaveta ilikuwa imeshajaza roli tangu asubuhi, na bosi alizirudisha dukani zikiwa kwenye maboksi yake.